Tela au shogi? Mkodishaji wa baiskeli apige hesabu kwanza

WAWEKEZAJI wadogo wanaofikiria kukodisha baiskeli kwa watalii wa safari ndefu wanakabiliwa na uamuzi unaoweza kula mtaji kabla mteja wa kwanza hajafika: mizigo ibebwe kwa tela au kwa shogi?

Shogi, ambalo wakazi wa pwani wanalifahamu mgongoni mwa punda, kwa baiskeli ni mifuko miwili inayoning'inizwa kwenye keria, mmoja kila upande. Tela ni kigari cha gurudumu moja au mawili kinachofungwa kwenye ekseli ya nyuma.

Kwa kubeba, tela halina ubishi. Lile la gurudumu moja aina ya BOB Yak, lililojipatia jina miongoni mwa wasafiri wa baiskeli, lilitengenezwa kwa mzigo wa kilo 32 hivi. Hema, maji na jiko vyote huingia, na gurudumu la nyuma la baiskeli hupumzika.

Tatizo linaanzia Mombo. Barabara ya lami ya kwenda Lushoto, kilometa zipatazo 33, hupanda karibu meta 1,000. Tela hilo likiwa tupu lina kilo 6, wakati jozi ya mifuko imara haifiki kilo 2. Kilo 4 hizo mteja atazipandisha mlimani bila faida yoyote. Wakati wa kushuka, mzigo humsukuma kutoka nyuma, na tela la gurudumu moja huyumba mwendo ukizidi. Kwenye kona za mlima ule si jambo la kuchezea.

Hata hivyo, shogi nalo lina gharama yake. Uzito wote hukaa juu ya gurudumu la nyuma, na spoki ndizo zinazolipa. Keria nyingi za safari huwa na uwezo wa kati ya kilo 25 na 40. Zile nyembamba za mapambo hukatika. Wengi hukosea hapa kwa kununua mifuko ya bei kubwa na kuifunga kwenye keria ya bei ndogo. Afadhali kinyume chake, kwa kuwa mfuko uliochanika hushonwa na fundi viatu.

Jambo jingine ni aina ya wateja. Anayekuja kwa ndege huweza kukunja mifuko yake na kuja nayo. Anachohitaji ni baiskeli na keria ya kuaminika. Misafara mikubwa kama Tour d'Afrique, iliyoanza mwaka 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town, mizigo yake hubebwa na magari. Wanaobaki kulihitaji tela ni familia na wapiga kambi, hasa katika njia tambarare. Kwa hao, tela moja kwa kuanzia linatosha, tena la chuma, ambalo fundi wa kuchomelea wa kawaida analimudu. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, huenda likalala stoo.

Atakayelinunua aweke pia tyubu za inchi 16, kwani zile za baiskeli kubwa hazilifai, pamoja na vipini vya akiba vya kufungia ekseli. Mteja aliyekwama Soni kwa kukosa kipini atadai fedha zake, na gharama ya gari la kumrudisha Mombo ni ya mwenye baiskeli.