UTUNZAJI WA KUKU MGONJWA NYUMBANI: MAELEZO KWA WAKAAZI WA MBOZI MISSION

Wananchi na watumishi wa Serikali wafugao kuku wa kienyeji hapa Mbozi Mission wanaombwa kuyazingatia maelezo haya. Kuku aliyejikunyata asubuhi pembeni mwa banda ni jambo dogo kwa mpita njia, lakini si dogo kwa mwenyewe, kwani huyo ndiye daftari la mtoto, chumvi ya mwezi na kitoweo cha mgeni.

Mgonjwa atengwe mara tu anapogunduliwa. Awekwe ndani ya tenga, kivulini, apewe maji safi katika chombo chake peke yake, na chakula laini. Wazima wahudumiwe kwanza, yeye baadaye, kisha mikono na viatu vioshwe kwa sabuni.

Si kila maradhi ni yale yale. Vifaranga waharao damu aghalabu wana koksidia, nayo ina dawa ikiwahiwa. Vipele vikavu kwenye undu na kope ni ndui ya kuku, ienezwayo na mbu. Lakini kuku akihema kwa shida, akihara kijani, mabawa yakalegea na shingo ikapindika, na hasa wengi wakifa ndani ya siku chache, yafaa kushuku mdondo, ambao wengine huuita kideri. Maradhi hayo, yaliyopewa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, yalikotambuliwa mwaka 1926, huletwa na virusi na hayana tiba. Antibiotiki za dukani haziviui virusi hivyo. Wala pilipili, shubiri na majivu yatiwayo majini hayajathibitika kuviua, ijapokuwa wazee wetu wanayasifu sana.

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Mtu akiona kuku wawili wamekufa, huharakisha kuwauza waliobaki kwa wachuuzi wa barabara kuu iendayo Tunduma, asije akakosa vyote. Hesabu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, kuku huweza kuwa na virusi kwa siku 5 au 6, pengine hata wiki mbili, kabla ya kuonyesha dalili. Anayeonekana mzima tengani huenda anaupeleka mdondo kwenye banda la mwingine, na hata ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kwa hiyo kuku wa banda lililoingiwa na ugonjwa wasiuzwe wala wasigawiwe ndugu. Mizoga ifukiwe chini sana au ichomwe, isitupwe mtoni wala kuachiwa mbwa.

Kinga ni chanjo ya I-2, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na ambayo hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Tone moja hutiwa katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, ila isiachwe juani. Huchanjwa wazima tu, tena kabla ugonjwa haujaingia, kwa kuwa mwili wa kuku huhitaji kama wiki mbili kujijengea kinga kamili. Nyama na mayai ya waliochanjwa huliwa bila ya wasiwasi.

Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, majirani wapatane siku moja ya kuchanja na kuchangia gharama. Vifo vya ghafla viarifiwe kwa Ofisa Mifugo wa kata siku hiyo hiyo, kabla kuku yeyote hajatolewa mjini mwa mtu.