Mgonjwa wa Figo, Usidanganywe na Mizani

Ikiwa waugua maradhi ya figo na mizani yasoma kilo zile zile, usifurahi mapema. Figo dhaifu hubakiza maji mwilini na miguu huvimba, huku asidi inayorundikana damuni ikila misuli ya mapaja na mikono. Uzito haubadiliki, lakini nguvu zapungua. Si jambo dogo: wagonjwa wa figo waliopungukiwa na misuli hufariki mapema kuliko wenzao.

Jichunguze. Je, ule mwinuko wa feri ya Likoni uliouzoea, siku hizi waupanda kwa kupumzika? Waweza kuinuka kitini bila kujishika? Ikiwa huwezi, mwambie daktari.

Wengi wanaosafishwa damu kwa mashine huendelea kujinyima samaki na mayai kama walivyoagizwa zamani. Hilo ni kosa. Mashine huondoa pia viini vya protini. Mwenye kilo 60 sasa ahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku. Yai moja lina 6 hivi. Ambaye hajaanza mashine asiongeze bila kumwuliza daktari.

Na utembee kila siku, japo hadi dukani. Msuli usiotumiwa hunywea.