Matunzo ya Volkswagen Beetle

Matunzo ya Volkswagen Beetle ni kazi za kukagua na kutengeneza gari hilo la Ujerumani, lililoundwa kati ya 1938 na 2003. Yalitengenezwa zaidi ya magari milioni 21. Kwa kuwa muundo wake ni rahisi, wamiliki wengi hulihudumia wenyewe nyumbani.

Injini yake iko nyuma, ina silinda nne na hupozwa kwa hewa, haina rejeta. Mkanda mmoja huzungusha dinamo na feni. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka. Dereva hupaswa kuzima injini mara moja, maana bila feni huchemka haraka.

Oili, takriban lita 2.5, pia husaidia kupoza. Injini nyingi za aina hii zina chujio la waya, ambalo husafishwa kila oili inapobadilishwa. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi. Kwa kawaida ni milimita 0.15. Nafasi ikiisha, valvu haifungi vizuri, hivyo huungua.

Hatari kubwa ni moto. Mipira ya petroli huzeeka na kupasuka, na petroli hudondokea injini yenye joto. Bloku nyingi zina magnesi, ambayo ikishika moto ni vigumu kuizima. Kwa hiyo mipira hukaguliwa mara kwa mara na kubadilishwa kabla ya kupasuka. Pia, mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee bila stendi imara.