Mti Haupigwi Picha Mara Moja

Kila msimu wa kupanda miti, picha zinazotufikia huwa zinafanana: jembe, mche, mkebe wa maji na watu wanaotabasamu. Picha hizo zina maana yake, lakini zinatueleza jambo moja tu, kwamba siku hiyo mti ulipandwa. Hazituelezi kama mti huo ulivuka kiangazi.

Katiba yetu, katika kifungu cha 69, inaitaka Serikali ifanye kazi ili miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Tarehe 13 Novemba 2023, Wakenya walipewa mapumziko maalum ili washiriki upanzi wa miti. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Kupanda ni kazi ya siku moja, lakini kufuatilia ni kazi ya misimu mingi. Katika ufuatiliaji huo, simu iliyo mfukoni mwako inaweza kuwa daftari zuri, mradi ujue namna ya kuitumia. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupiga picha za mti au msitu mmoja msimu baada ya msimu, na kwa nini mkaazi wa Kilifi ana haja ya kufanya hivyo.

Kosa lililonifunza

Mwezi wa Februari nilirudi katika shule moja ya msingi ambako miche kumi na miwili ya mbambakofi ilikuwa imepandwa wakati wa mvua za vuli za mwaka uliotangulia. Nilikuta vijiti. Hapakuwa na jani hata moja. Nikapiga picha, na kichwani nikaanza kutunga maelezo yake: miche yote imekufa.

Mzee anayelinda lango alinitazama, kisha akachuchumaa kando ya mche mmoja na kukwangua gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani.

"Huu haujafa, mwanangu," akasema. "Umevua majani unangoja mvua. Wewe rudi masika."

Nilirudi mwezi wa Mei. Miche minane ilikuwa na majani mapya. Minne ilikuwa imekufa kweli, na hiyo ikapandwa upya mvua zikingali zinanyesha. Kama picha ya Februari ingesimama peke yake, huenda miche minane iliyo hai ingeng'olewa. Na kama ningebaki na picha ya siku ya kupanda, ile minne isingetambuliwa. Ukweli ulipatikana kwa kuweka picha tatu pamoja: ya vuli, ya kiangazi na ya masika.

Misimu minne, picha nne

Katika nchi za baridi, wapigapicha hufuata majani yanavyobadilika rangi kabla ya theluji. Sisi hapa Pwani hatuna theluji, lakini tuna misimu yetu, na miti inaijua vyema kuliko kalenda ya ukutani. Picha nne kwa mwaka zinatosha kuanzia.

*Kiangazi, katikati ya Machi.* Kaskazi imekausha ardhi. Huu ndio wakati mti unaonyesha umbo lake lote: matawi, makovu ya panga, viota na mizinga ya nyuki. Pia ndio wakati wa kuona ni mti upi umeacha majani kwa mpango na upi umechoka.

*Masika, katikati ya Mei.* Mvua iko kileleni. Majani yamejaa na nyasi zimepanda. Hapa ndipo unapothibitisha nani alipona.

*Kipupwe, mwezi wa Agosti.* Kuna ubaridi, upepo wa kusi na manyunyu ya hapa na pale. Mche ambao bado uko imara sasa umepata mizizi.

*Vuli, mwishoni mwa Novemba.* Mvua fupi zinarudi, kama zikirudi. Picha ya vuli ndiyo inayofunga mwaka na kukuonyesha mti umeongezeka kiasi gani.

Kila mti na tabia yake

Usipime miti yote kwa kipimo kimoja. Mbuyu unaweza kusimama bila majani kwa miezi kadhaa, na mgeni akadhani umekauka. Kumbe shina lake limehifadhi maji. Ukitaka picha ya maua yake meupe, nenda jioni. Hufunguka giza linapoingia, yakatembelewa na popo na nondo, na kufikia kesho yake yameanza kunyauka na kuanguka.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, una sura tatu tofauti. Upande wa mashariki kuna msitu wa miti mchanganyiko. Katikati, penye mchanga mweupe, imesimama mirihi. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, kuna msitu wa vichaka vizito na miti mifupi. Majani machanga ya mrihi hutoka na rangi nyekundu au ya shaba kabla ya kugeuka kijani. Ukiona wekundu huo usidhani ni ugonjwa au moto. Andika tarehe, kisha mwaka unaofuata ulinganishe.

Mikoko ya Mida haipukutishi majani yote kwa pamoja, kwa hivyo huko kipimo si mvua peke yake bali pia maji ya bahari. Picha ya maji kujaa na picha ya maji kupwa ni kama picha za mahali pawili tofauti. Chagua moja, kisha urudi maji yakiwa katika hali ile ile. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali zaidi na mizizi ikaonekana vizuri.

Namna ya kupiga

Kanuni ni moja: mti ubadilike, lakini wewe usibadilike. Ukisimama mahali tofauti kila mara, hutajua kama mti umekua au wewe ndiwe umesogea karibu.

Kwanza, weka alama mahali unaposimama. Kigingi, jiwe kubwa au nguzo ya ua inatosha. Hesabu hatua kutoka hapo hadi kwenye shina na uziandike.

Pili, chagua saa na upande. Saa mbili asubuhi mwanga huwa mpole. Ukipiga asubuhi, elekea magharibi ili jua liwe nyuma yako. Ukipiga alasiri, elekea mashariki. Epuka adhuhuri, maana jua la utosini huchoma rangi na kutia giza chini ya matawi.

Tatu, futa lenzi ya simu kwa kitambaa safi. Vumbi na chumvi ya pwani huacha ukungu ambao hutauona hadi ufike nyumbani.

Nne, shika simu kwa namna ile ile kila mara, ama kwa upana ama kwa urefu, kwenye kimo cha macho yako. Usivute picha kwa vidole. Gusa shina kwenye kioo ili simu ipime mwanga wa mti badala ya mwanga wa anga.

Tano, weka kipimo. Fito yenye urefu wa mita moja ikisimamishwa kando ya mche itakuambia zaidi ya maneno "umekua sana". Kwa mti mkubwa, mtu anaweza kusimama kando ya shina, lakini awe amekubali kupigwa picha.

Sita, piga picha tatu kila unaporudi: mti mzima, shina na udongo ulio chini yake, kisha jani au tawi kwa karibu. Picha ya udongo wengi huisahau, ilhali ndiyo inayoonyesha kama maji yanapita na kuuchukua, au kama mbuzi wamekuwa wageni wa kila siku.

Mwisho, hifadhi vyema. Ipe kila picha jina lenye mahali, upande na tarehe, na uweke nakala nje ya simu. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ubora hupungua na taarifa za tarehe na mahali zilizomo ndani ya faili hupotea. Itume kama hati.

Adabu na sheria

Si kila mti ni wa kupigwa picha na kila mtu. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, ambayo UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka wa 2008, ina wenyewe. Ukienda Kaya Fungo, Kaya Kauma au kaya nyingine yoyote, anza kwa wazee. Wao ndio watakaokuambia pa kukanyaga, pa kuvua viatu na pa kuiacha kamera mfukoni. Wakikataa, kubali. Misitu hiyo ingalipo mpaka leo kwa sababu kuna watu waliojua kukataa.

Katika Arabuko-Sokoke, pitia langoni, lipa ada inayotakiwa na uandamane na mwongozaji. Ndani kuna ndovu, na ndovu hangoji umalize kupiga picha. Kurusha droni kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini. Na katika shamba la mtu, piga hodi kwanza.

Picha hizo zitafanya kazi gani?

Mwaka wa 2022, kung'olewa kwa mibuyu katika kaunti yetu ili isafirishwe hadi Georgia kulizua mjadala wa nchi nzima. Mti mkubwa ukiondoka, kinachobaki ni kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hutofautiana. Mmoja atasema mti ulikuwa hapa, mwingine atasema pale. Picha yenye tarehe na mahali haimpi mtu hati ya ardhi, lakini inamaliza ubishi wa kama mti ulikuwepo.

Kwa shule na vikundi vya kijamii, mfululizo wa picha unaonyesha ni aina gani ya mti inayostahimili udongo wenu, ili msimu ujao msipoteze fedha kwa miche isiyofaa. Kwa mkulima, unaonyesha kama kivuli kimeongezeka na kama mmomonyoko umepungua. Kwa afisa wa misitu anayefika mara moja kwa muda mrefu, unamwonyesha yale ambayo hakuwepo kuyaona.

Kwa hivyo, kabla ya mvua zijazo, chagua mti mmoja. Unaweza kuwa mwembe wa uani, mbuyu wa kando ya barabara au mche uliopandwa na mwanao shuleni. Weka kigingi, piga picha ya kwanza na uandike tarehe. Ukishapata picha za misimu yote minne, zipeleke kwa afisa wa mazingira au katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako, mzitazame pamoja.

Nasi tunaobeba kamera kwenye hafla za upanzi tuna deni letu. Mimi nimeanza kulilipa. Katika simu yangu sasa, kila picha ya mche unaopandwa imewekewa tarehe ya kuurudia, na tarehe hiyo huwa ni ya mwezi wa Machi, wakati ambapo hakuna jembe, hakuna hotuba wala mkebe wa maji, ila mti wenyewe na jua.