UFUNDI: PEMBE YA BAWA NA SKRUBU ZAKE



Kutoka Bwera tumeletewa swali na vijana wa karakana moja ya kuchomelea vyuma. Jioni baada ya kazi vijana hao hutengeneza ndege ndogo ya mfano, inayoendeshwa kwa redio. Kila ikipaa, ndege yao huinamia kushoto. Mwenzao aliyefunga mabawa amelaumiwa mpaka anataka kuacha ufundi. Wanauliza kosa ni la nani, na lirekebishwe vipi. Tumeona tuwajibu hapa, maana jambo hili linamhusu kila mtu anayekaza skrubu kiwandani au shambani.

Kwanza tueleze maana. Bawa hufungwa kwa pembe fulani juu ya kiwiliwili cha ndege. Wenye kulima kwa plau wanalijua jambo hili: plau iliyolala mno huparuza udongo tu, na iliyosimama mno hunasa. Bawa nalo likiinuliwa ukingo wa mbele hubeba zaidi, lakini likizidishiwa, hewa huacha kuufuata mgongo wake na ndege huporomoka. Ikiwa bawa la kushoto lina pembe ndogo kuliko la kulia, hubeba kidogo, na ndege huinamia kushoto.

Hata ndege kubwa zimehusika. Mwaka 1955 iliruka kwa mara ya kwanza ndege ya kivita ya Marekani, Vought F-8 Crusader. Bawa lake lote liliweza kuinuliwa digrii 7 wakati wa kupaa na kutua, ili kiwiliwili kisiinuke sana na rubani aone mbele. Sisi hatuhitaji kuinua bawa angani. Tunahitaji kulirekebisha mezani, na kazi hiyo hufanywa na virekebishi vya skrubu.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Lazeni kiwiliwili juu ya meza iliyonyooka, mkifunge kisitikisike. Hakikisheni kwa pimamaji kwamba bawa dogo la mkiani limelala sawa.

2. Bomba kubwa la mbele hubeba uzito wa bawa, hilo msiliguse. Pini ndogo ya nyuma ndiyo inayoshika pembe. Tundu lake ubavuni litanueni kwa tupa, juu na chini tu, milimita 3 kila upande. Msilitanue mbele wala nyuma.

3. Kirekebishi ni kibao kidogo chenye kitalu kinachoteleza, na skrubu mbili, moja juu na moja chini. Pini huingia katika kitalu. Pigeni msasa ndani ya ubavu, bandikeni kipande cha plaiwudi, kisha kirekebishi juu yake kwa gundi ya kuchanganya. Pakeni nta kwenye skrubu kwanza, gundi isije ikazishika. Fanyeni hivyo pande zote mbili, mkaache mpaka kesho.

4. Pimeni pembe ya kila bawa kwa kipimo kilekile, umbali uleule kutoka kiwiliwili. Andikeni.

5. Kuongeza pembe, shusheni pini ya nyuma, kupunguza, ipandisheni. Legezeni skrubu moja kwanza, ndipo mkaze ya pili. Mkikaza zote mbili kwa nguvu mtapasua kitalu.

Hesabu yake si ngumu. Kama kutoka bomba hadi pini ni sentimita 20, digrii moja ni milimita 3 na nusu. Skrubu ya milimita 3 ya kawaida husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja. Basi mizunguko 7 ni digrii moja. Geuzeni nusu mzunguko, rusheni ndege, mwone, ndipo mgeuze tena.

Kasese iko zaidi ya mita 900 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika kumi. Ndege hapa hutaka mwendo zaidi ili ipae. Msijaribu kufidia jambo hilo kwa kuongeza pembe mno. Tena, kabla ya kurusha ombeni ruhusa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, hasa kwa kuwa Kasese kuna uwanja wa ndege na Bwera iko mpakani. Na msirushe juu ya watu.

Sasa turudi kwa kijana anayelaumiwa. Kabla ya kugusa skrubu, ning'inizeni ndege kwa kamba mbili, puani na mkiani. Bawa moja likishuka, kosa ni la uzito. Ongezeni risasi kidogo kwenye ncha ya bawa jepesi. Kisha tazameni kama bawa limepindwa na jua au unyevu. Yote mawili yakiwa sawa, ndipo mpime pembe. Huenda kijana alifunga vizuri na mbao ikapinda baadaye.

Ndivyo tunavyodai pia kazini. Mashine ikiharibika, mfanyakazi asikatwe mshahara kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu nayo. Ipimwe kwanza, kipimo kiandikwe, naye akione. Vijana wa Bwera, mpimieni mwenzenu kabla ya kumhukumu, kisha mtuandikie mlichokuta.