Umeumia Mpirani? Usiuchue Mguu



Huku kwetu Bagamoyo mpira huchezwa popote. Maji yakipwa, vijana hushuka pwani, huchomeka vijiti viwili huku na viwili kule, na hapo pameshakuwa uwanja. Vijijini timu hugombea mbuzi, na siku hiyo wakubwa kwa wadogo husimama pembeni kushangilia. Sina ubaya na mpira. Mimi pia nacheza, namba tatu. Lakini Jumatatu asubuhi, kwenye benchi la zahanati, hakosekani kijana aliyekuja akichechemea. Mara nyingi mguu wake umeharibiwa zaidi na watu waliotaka kumsaidia kuliko na mpira wenyewe.

Kiungo kinachoumia sana ni kifundo cha mguu. Mchezaji anakanyaga shimo, au anatua juu ya mguu wa mwenzake, na wayo unageuka kwa ndani. Mifupa yetu imeshikwa na kano. Kano ni kama kamba zinazofunga fito za nyumba. Kamba ikivutwa mno huchanika, pengine kidogo, pengine yote. Mishipa midogo ya damu nayo huchanika, na damu huvuja ndani kwa ndani. Ndiyo maana mguu huvimba, na kesho yake hugeuka rangi.

Sasa watu hufanya nini? Huleta maji ya moto na chumvi. Hupasha mafuta ya nazi. Huitwa mtu mwenye mikono ya nguvu, akachua mpaka mgonjwa anapiga kelele. Wanasema wanarudisha mfupa. Fikiri, ndugu yangu. Ndani mna mishipa inayovuja. Ukiitia joto, itazidi kuvuja. Ukiisugua, utachana na ile iliyobaki nzima. Na kama mfupa umevunjika, unaisukuma ncha yake ndani ya nyama.

Fanya hivi. Mtoe uwanjani, asiukanyagie mguu ule. Mlaze, uinue mguu juu ya mto, upite kifua chake. Chovya kitambaa katika maji baridi ya mtungi, ukiweke penye uvimbe. Kikipata joto, kibadilishe. Kama unaweza kupata barafu pale wanapouza samaki, izungushie kitambaa na uiweke kwa robo saa, kisha uiondoe. Rudia baada ya saa mbili au tatu. Barafu juu ya ngozi tupu huunguza kama moto. Funga kifundo kwa bandeji au kipande cha kanga, lakini isibane. Endelea hivyo siku mbili au tatu za kwanza.

Utajuaje kama mfupa umevunjika? Mwambie ajaribu kutembea hatua nne. Akishindwa, au ukibonyeza mfupa wenyewe akaruka kwa maumivu, mlete zahanati siku hiyo hiyo. Ukiona mguu umepinda, usimjaribu hata hatua moja. Ukiona mfupa umetoka nje, funika jeraha kwa kitambaa safi na mpeleke hospitali mara moja. Bega lililotoka mahali pake usilivute. Lifunge mkono kifuani kwa kanga, mwende.

Kabla ya kumbeba, funga banzi. Chukua vipande viwili vya ubao. Hata magazeti makavu yaliyokunjwa yakawa manene yanafaa, na hili ukishalisoma ni mojawapo. Banzi lipite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika. Kisha tazama vidole. Vikiwa baridi, vikiwa vimepauka au vimekuwa vyeusi, au akisema vimekufa ganzi, legeza haraka.

Jambo hili la vidole nalisema kwa sababu nimeliona. Kijana mmoja alivunjika ugoko. Alifungwa mabanzi nyumbani, yakakazwa sana ili mfupa ushike. Akalia usiku kucha, akaambiwa avumilie, ndivyo mfupa unavyounga. Siku ya tatu akanyamaza. Watu wakafurahi, kumbe mguu ulikuwa umekufa. Aliletwa kwetu siku ya nne. Nilipofungua, harufu ilinitosha. Tulimpeleka hospitali, na mguu ukakatwa chini ya goti. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Zahanati hatuna eksirei. Kazi yetu ni kufunga vizuri, kutuliza maumivu na kukuandikia barua uende Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Mivunjiko migumu hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Kuna kijana atanijibu: mbona Akhwari alikimbia na mguu mbovu? Kweli. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968. Goti liliumia vibaya, na bega pia. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, naye akawa wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Alisema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Tunamheshimu. Lakini goti lile lilifungwa bandeji kwanza. Na mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano, kwa sababu mguu ulikuwa umepona. Tena ile ilikuwa Olimpiki. Sisi tunagombea mbuzi.

Basi usirudi uwanjani mpaka uweze kurukaruka kwa mguu ule peke yake bila maumivu. Uvimbe ukianza kupungua, uzoeze mguu taratibu. Kaa kitini, inua mguu, na kwa kidole gumba uandike herufi hewani, zile ulizojifunza darasani, kuanzia a mpaka z. Asubuhi mara moja, jioni mara moja.