Mchanga mweusi, zebaki na spini ya elektroni

Mchanga mweusi unaobaki kwenye karai wakati wa kuosha dhahabu ni oksaidi ya chuma. Hapa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, kila mwenye mwalo anaufahamu kwa sababu unamchelewesha: ni mzito, haukubali kuchukuliwa na maji, na hung'ang'ania palepale dhahabu ilipo. Dawa yake ni sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Unaizungushia kipande cha nailoni, unaipitisha juu ya karai, mchanga unaruka na kuganda. Ukiichomoa sumaku, mchanga unadondoka chini na nailoni inabaki safi. Sumaku hiyo ya spika nayo ni oksaidi, ya chuma pamoja na strontiamu au bariamu, iliyosagwa ikawa unga, ikakandamizwa na kuchomwa tanuruni. Oksaidi inavuta oksaidi.

Nafundisha fizikia sekondari, na somo la sumaku la kidato cha pili huliendesha kwa mchanga huo, ambao wanafunzi huuleta kutoka nyumbani. Maswali huanza hapohapo, maana mtoto aliyekulia machimboni haridhiki na jibu la juujuu. Kutu nayo ni oksaidi ya chuma, mbona sumaku haiivuti hivi? Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, mbona hauruki?

Jibu limo ndani ya elektroni. Kila elektroni ni sumaku ndogo mno, na tabia hiyo inatokana na kile ambacho wanafizikia wanakiita spini. Katika vitu vingi elektroni hukaa mbilimbili, moja ikielekea juu na nyingine chini, nguvu zao zikafutana. Atomu ya chuma inazo elektroni zisizo na wenza. Ndani ya oksaidi, kati ya atomu moja ya chuma na nyingine huwapo oksijeni, na oksijeni hiyo ndiyo inayopeleka habari za spini upande wa pili, mara nyingi kwa amri moja tu: elekea kinyume na mwenzako. Katika kutu na udongo mwekundu, zinazoelekea huku na zinazoelekea kule zinalingana, kwa hiyo karibu nguvu yote inapotea. Katika magnetaiti, yaani mchanga mweusi wetu, zimegawanyika katika makundi mawili yasiyo sawa, na ziada ya kundi moja ndiyo inayoufanya mchanga uruke. Mfaransa Louis Néel alilieleza jambo hili mwaka 1948, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anaendesha karasha, aliwahi kunisimamisha njiani. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwalimu, hivi hizo spini ulizokuwa ukituambia, kuna mtu alishaziona?"

Nikamjibu, "Kuziona, hapana. Ila zikiitwa kwa namna yake, zinaitika."

Namna hiyo ya kuziita ndiyo resonansi ya spini. Aliyeigundua ni Yevgeny Zavoisky, katika mji wa Kazan nchini Urusi, mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inaendelea. Unaweka kipande cha kitu unachokichunguza katikati ya sumaku kubwa ya umeme. Uga wa sumaku unazilazimisha spini zichague: kufuatana nao au kwenda kinyume chake. Kati ya hali hizo mbili kuna tofauti ndogo ya nishati. Kisha unapitisha mawimbi ya maikrowevu na kuongeza uga polepole, kama mtu anayezungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni, mpaka nishati ya wimbi ilingane na ile tofauti. Hapo spini zinalimeza wimbi, na mashine inachora alama. Katika mashine nyingi mawimbi hutetema mara bilioni 9.5 kwa sekunde, na elektroni huru huitika uga ukifikia tesla 0.34, nguvu ambayo ni kama mara elfu kumi ya uga wa dunia unaozungusha dira hapa kwetu.

Utajiri wa njia hii umo katika alama hiyo. Mahali ilipotokea panakuambia ni atomu gani imeitika. Ikigawanyika vipande, umejua majirani wa atomu hiyo wamekaaje. Ikiwa nyembamba au pana, umejua spini zinasumbuana kiasi gani. Mtu anayeijua kazi hii anaweza kuchukua fuwele isiyoonyesha chochote kwa macho akakueleza kwamba, ndani yake, oksijeni zimepinda nyuzi mbili hivi kutoka mahali pake.

Huo si mfano wa kubuni. Ndivyo ilivyokuwa kazi ya Mswisi Karl Alexander Müller, na habari zake ndizo zilizonisukuma kuandika makala haya. Müller alizaliwa Basel mwaka 1927. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Zürich mwaka 1958, ilihusu chuma kidogo kilichoingia kama uchafu ndani ya strontiamu titaneti, oksaidi inayong'aa karibu kama almasi. Oksaidi yenyewe haina spini ya kuitika. Chuma kinayo, na kwa kuwa kila atomu ya chuma imezungukwa na oksijeni sita, ikawa shahidi aliyekaa ndani ya nyumba. Alipokuwa mtafiti katika maabara ya kampuni ya IBM huko Rüschlikon, Müller na wenzake walipoza fuwele hiyo mpaka chini ya nyuzi 168 chini ya sifuri, wakaona kwa njia ya chuma jinsi oksijeni zinavyozunguka kidogo na fuwele nzima kubadili umbo. Aliziishi oksaidi kwa miaka mingi namna hiyo. Wengi walikuwa wakihangaika na metali, yeye akawa anajifunza tabia za oksijeni.

Zebaki nayo, ile ambayo machimboni inaitwa mekyuri, ina nafasi yake katika habari hii. Mwaka 1911, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki kwa heliamu ya kimiminika. Ilipofika nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme ulitoweka. Haukupungua tu, ulitoweka. Umeme ukianzishwa katika pete ya kitu cha namna hiyo huendelea kuzunguka bila kusukumwa na bila kutoa joto. Kitu kama hicho huitwa superkondakta, na zebaki ndiyo iliyotangulia vyote. Kwetu tunaitumia kukamatisha dhahabu, kisha tunaichoma wazi na kuvuta mvuke wake, jambo ninalolipinga kila ninapopata nafasi kwa sababu mvuke huo unaharibu ubongo na figo, na watoto wanacheza palepale.

Baada ya zebaki watu walijaribu metali nyingi na michanganyiko yake. Kufikia mwaka 1973 walikuwa wamepanda hadi nyuzi 250 hivi chini ya sifuri, wakakwama. Wengi waliamini hapo ndipo mwisho. Müller hakuamini, na sababu yake ilitoka katika resonansi ya spini. Alikuwa ameshuhudia kwamba ioni kadhaa, hasa za shaba na nikeli, zikikaa ndani ya oksaidi huzisukuma oksijeni zinazozizunguka: nne zinasogea karibu, mbili zinaenda mbali. Akafikiri kwamba mahali ambapo elektroni na mtikisiko wa atomu vimefungamana kwa nguvu kiasi hicho, elektroni huenda zikapata njia ya kuungana mbilimbili na kupita bila kizuizi. Mwaka 1983 akamshirikisha kijana Georg Bednorz, mtaalamu wa kutengeneza fuwele. Wakaanza na oksaidi za nikeli na hawakupata kitu. Wakahamia kwenye shaba. Januari 1986, oksaidi ya lanthanamu, bariamu na shaba ilianza kupoteza ukinzani katika nyuzi 238 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka huohuo wa 1987, Maw-Kuen Wu, Paul Chu na wenzao huko Marekani walitumia itriamu badala ya lanthanamu, wakafika nyuzi 180 chini ya sifuri. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu naitrojeni ya kimiminika, iliyo rahisi kuliko heliamu, ina nyuzi 196 chini ya sifuri. Na mwaka 1993, watafiti wa Zürich waliitia zebaki katika oksaidi za shaba wakafika nyuzi 140 chini ya sifuri. Zebaki iliyoanza ikiwa metali tupu katika nyuzi 269 ilipanda kiasi hicho kwa kuingizwa katika oksaidi.

Ajabu ni kwamba chombo kilichomfikisha Müller hapo kilinyamaza. Ukiiweka oksaidi safi ya namna hii katika mashine ya resonansi, spini za shaba haziitiki kama ulivyotazamia. Wanafizikia wamebishana juu ya sababu yake. Wengi wanasema spini hizo zimeshikana kwa nguvu mno hivi kwamba alama yao inapanuka mpaka haionekani. Watafiti wa Zürich na wa Kazan, mji uleule wa Zavoisky, walirudia mbinu ya shahidi: wakaingiza manganizi kidogo sana, ioni ambayo huitika waziwazi, wakaisoma shaba kupitia kwake. Pia ikajulikana kwamba mashine hiyohiyo, uga ukiwa karibu na sifuri, inatambua hata punje ndogo ya superkondakta kwa jinsi inavyoyameza maikrowevu. Mpaka leo hakuna nadharia moja inayokubaliwa na wote kuhusu namna oksaidi hizi zinavyofanya kazi, na mimi huwaambia wanafunzi wangu hivyo bila kuficha. Kitabu hakijafungwa. Müller alifariki Januari 2023, akiwa na miaka 95.

Sasa tazama tulipo. Kilima cha Ngualla, ndani ya wilaya yetu hii, kina madini adimu: lanthanamu, seriamu, neodimiamu na praseodimiamu. Mkataba wa kuyachimba ulisainiwa Aprili 2023, Serikali ikiwa na asilimia 16 ya hisa. Panda Hill, upande wa magharibi wa Mbeya, kuna niobiamu ndani ya oksaidi iitwayo pairokloa. Nyaya za niobiamu na titani ndizo zinazotengeneza sumaku za mashine nyingi za MRI, zikiwemo za aina inayotumika katika hospitali zetu kubwa. Nyaya hizo hupozwa kwa heliamu, na mwaka 2016 wanasayansi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. MRI yenyewe ni resonansi ya spini pia, isipokuwa inaziita spini za viini vya haidrojeni katika maji ya mwili wako.

Lanthanamu, niobiamu na heliamu viko mwendo wa gari kutoka darasani kwangu, na mwanafunzi wangu anaweza kumaliza kidato cha nne akijua tu kwamba "kuna madini". Hilo silikubali. Mchimbaji wa Ngualla atalipwa mshahara. Anayejua lanthanamu inafanya nini ndani ya fuwele ndiye atakayekaa mezani wakati bei inapangwa.

Kwa hiyo nina ombi, na si la fedha nyingi. Kidonge cha oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba hutengenezwa kwa unga wa aina tatu na tanuri la nyuzi 950 hivi. Mwaka 1987 hata wanafunzi wa sekondari nje ya nchi walikitengeneza. Naitrojeni ya kimiminika tunayo: ndiyo inayohifadhi mbegu za madume katika mitungi ya maafisa mifugo wanaofanya uhimilishaji, na kituo cha taifa cha kazi hiyo kipo Usa River, Arusha. Vyuo vyenye tanuri, hasa vya Mbeya, vitengeneze vidonge hivyo na kuvigawa kwa shule za Songwe. Maafisa mifugo watuazime lita moja ya naitrojeni kwa siku moja ya somo. Na wewe mzazi wa Saza, Mbangala au Galula, mwanao akisema anataka kuchukua tahasusi ya PCM, usimwambie kwamba fizikia ni ngumu. Mnunulie daftari.